Ndimi Arobaini za Konsetina ya Baba

Daktari alisema mbele ya baba mwenyewe, tena kwa sauti ya kuwatosha wote waliokuwa wakingoja nje, kwamba sikio la kulia limekwisha na la kushoto liko njiani. Baba akanigeukia akauliza, "Anasema nini?" Nikamrudia maneno yote, mdomo wangu karibu na sikio la kushoto. Alicheka. Kwa maoni yake watu wa siku hizi, mapadri na madaktari wakiwemo, wamejifunza kusema chini chini kama wezi, na anayetaka kusikilizwa afungue kinywa. Tulipotoka, kabla hajapanda toleka, yaani baiskeli ya abiria, alinishika mkono.

"Mama," akasema, maana kwetu baba humwita binti yake mama, "ile kinanda yangu ya mukono, unitengenezee. Niipige tena."

Kinanda hicho ni konsetina: kisanduku cha pande sita kinachoenea mikononi, mvukuto katikati, vifungo kumi kila upande. Ukiusukuma mvukuto kifungo kinatoa sauti moja, ukiuvuta kifungo kilekile kinatoa nyingine. Baba aliipata ujanani kwa mekanisie, yaani fundi mitambo, wa meli moja, akampa samaki wa moshi kikapu kizima. Alikuwa mvuvi wa maporomoko kama baba yake, na jioni akishamaliza kutega aliipiga uani. Watu wazima wa mtaa wetu bado wananisimulia jinsi walivyocheza.

Lakini katika nyimbo zake zote anajali mmoja tu. Aliutunga alipokuwa akimposa mama, binti wa watu wa mtoni upande wa Yanonge, na hauna maneno. Mama alipofariki, baba aliifunga konsetina katika kitenge cha mama akaisukuma chini ya kitanda. Hakuna mtoto wake aliyejifunza wimbo ule, wala hakuna aliyewahi kuurekodi. Tulidhani utakuwepo tu, kama maporomoko yenyewe. Kwa hiyo siku ile, nikitembea nyuma ya toleka iliyombeba, nilijiwekea jambo moja: ausikie tena kabla sikio la kushoto halijafungwa. Daktari hakutaja muda.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Mawimbi ya sauti nayafundisha kila mwaka kwa chaki na kamba, na ninapenda kila kitu kiwe mahali pake. Wanafunzi wangu wanajua kwamba ukiniletea daftari lililopangwa ovyo ninalirudisha bila kulisoma. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma isiyostahili.

Kisangani wapenzi wa konsetina hatujazi hata benchi moja. Tuko watatu. Wa kwanza ni fundi viatu wa Kabondo ninayemwita tonton, yaani mjomba, ambaye kwa miaka miwili sasa anaunda konsetina mpya kuanzia sifuri. Kasha lake ni la mbao za kreti, vifungo amevichonga kwa mifupa ya ng'ombe, na chuma cha ndani anakikata kutoka kwenye springi za saa mbovu. Mpaka leo inatoa sauti tatu, na moja kati ya hizo ni kikohozi. Wa pili ni mwanamke wa kwaya, mkubwa kwangu kidogo, ninayemwita yaya, yaani dada mkubwa. Yeye ana konsetina nzima, iliyoachwa parokiani na kusahauliwa, na ndiye pekee kati yetu anayejua kupiga kweli. Wa tatu ni mimi, nisiyejua kuunda wala kupiga, ila nina bisibisi nzuri na kichwa kigumu. Tunakutana Jumamosi mchana kibandani kwa tonton, kati ya viatu vya watu.

Nilipoifungua konsetina ya baba nilitamani kulia. Mende walikuwa wamekula ngozi ya mvukuto kwenye mikunjo, na hewa ilikuwa ikitoka kila pahali. Sufi chini ya vifungo ilikuwa vumbi. Lakini hayo ni mambo ya kawaida, na tonton alinihakikishia kwamba ngozi ya mbuzi anayo. Kilichonitia hasira kilikuwa ndani zaidi. Sauti ya konsetina hutolewa na ndimi, vipande vyembamba vya shaba vinavyotikisika hewa ikipita. Ziko arobaini, mbili kwa kila kifungo. Kila ulimi una namba iliyogongwa juu yake, na nafasi unamokaa imegongwa namba hiyohiyo. Sasa ile ya baba, namba hazikulingana. Ulimi wa saba ulikaa penye kumi na moja, wa kumi na moja ulikuwa upande wa pili kabisa. Nyingine zilikuwa nyembamba kuliko nafasi zake, kwa hiyo mtu alizikaza kwa vipande vya karatasi vilivyokunjwa: karatasi ya sigara, ukingo wa kitabu cha nyimbo, hata kalenda.

"Nani alifanya hii fujo?" nilipayuka, mpaka mteja mmoja wa tonton akarudisha mguu wake nyuma.

Niliamua ni fundi mjinga wa zamani, mmoja wa wale wanaofungua kitu wasichokijua na kukifunga wakibahatisha. Yaya aliangalia akasema polepole, "Labda tumuulize papa mbele," yaani baba kwanza. Nikamjibu kwamba papa ni mpigaji, hajui ya ndani. Kwenye simu nilikuwa na video ya mzee mmoja wa Ulaya mwenye miwani, anayetengeneza konsetina, na alisema wazi kwamba kila ulimi urudi kwenye namba yake. Nilimpenda mzee yule. Basi nikazitoa zote arobaini, nikazisafisha kwa brashi ya meno na limau, nikazipanga mezani kama wanafunzi mstarini, moja hadi arobaini, kisha nikarudisha kila moja kwake. Ziliingia vizuri, bila kulegea, bila karatasi. Furaha niliyoipata siku ile ni aibu kuikumbuka. Vipande vya karatasi nilivifagia pamoja na vumbi la ngozi nikavitupa.

Sikupiga picha. Simu ilikuwa mfukoni.

Baada ya hapo kila kitu kilichelewa, na sehemu kubwa ya ucheleweshaji ilikuwa yangu. Mvua zilianza, gundi ikakataa kukauka. Tonton aliubandika mvukuto mara mbili kwa gundi yake ya viatu, na mara mbili mikunjo ilifunguka kama mdomo wa samaki. Mara ya tatu alitumia solusyo ya kuzibia tairi za baiskeli, ikashika, lakini harufu yake mpaka leo inakusalimu kabla ya sauti. Mimi nikawa na ndimi zangu. Nilitaka kila moja ilie sawasawa na kipimo cha kwenye simu. Ukiukwaruza ulimi kwenye ncha sauti inapanda, ukiukwaruza kwenye shina inashuka, na ukizidisha unaharibu. Umeme ulikatika, simu ikazima, nikangoja. Nilikuwa nakwaruza kidogo, napima, nafunga, nafungua. Mwezi ukaisha, na mwingine.

"Mama mwalimu, peleka tu," tonton alinisihi. "Papa haiko professeur. Iko nataka kupiga."

"Nikiipeleka, iwe sawa," nilimjibu.

Jumapili, nikienda kumwona baba na liboke langu, samaki wa kuokwa ndani ya majani, nilikuwa nikimpima na yeye kimyakimya. Nilisimama upande wa kushoto nikamsalimu kwa sauti ya kawaida. Mwanzoni aliitika. Halafu nikalazimika kusogea hatua moja, halafu nyingine. Siku moja jogoo aliwika karibu na kiti chake naye akaendelea kusuka kikapu bila kutikisa kichwa. Nilirudi kwangu na hasira, na badala ya kujikasirikia mimi nikamkasirikia tonton kwa sababu ya gundi.

Hatimaye niliipeleka. Yaya alikuja pamoja nami, kila mmoja na toleka yake, konsetina mapajani mwangu ndani ya kitenge kilekile cha mama. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Aliupapasa mvukuto mpya, akanusa, akakunja uso, kisha akapitisha mikono kwenye mikanda yake. Nilisimama upande wa sikio la kushoto.

Alivuta, akasukuma, na kilichotoka hakikuwa wimbo. Kila sauti peke yake ilikuwa safi, naweza kuapa, nilizipima mwenyewe. Lakini zilifuatana kama watu waliopoteana sokoni. Akaanza upya. Akaacha. Wakati ule alikuwa bado anasikia kiasi cha kutosha, Mungu anisamehe, kujua kwamba ni vibaya.

"Hii haiko yangu," akasema.

"Iko yako, papa! Nimeisafisha tu. Ndimi zilichanganyikana, nimezirudisha pa nafasi yao."

Ilibidi nirudie mara tatu. Aliponielewa akauliza, "Na makaratasi? Nani alitosha makaratasi?" Kwetu kutosha ni kutoa.

"Njo mimi," nilikiri.

Baba aliutoa mkono wa kulia kwenye mkanda akaunyanyua mbele ya uso wangu. "Mama, hii mukono iko na vidole ngapi?"

Vitatu. Kamba ya mtego ilimkata viwili kwenye maporomoko kabla sijazaliwa, cha shahada na cha kati. Nimekua na mkono ule. Ulinilisha, ulinifunga nywele, ulinichapa, na sikuwahi kuuona kama mkono uliopungua kitu. Ndiyo maana sikufikiri. Baada ya ajali, vifungo vya upande wa kulia alivyokuwa akivipiga kwa vidole vile viwili vilikuwa vimekufa kwake. Basi akaifungua konsetina yake akazihamisha sauti. Alizichukua zile zilizokuwa chini ya vidole alivyopoteza akazipeleka chini ya vidole vilivyobaki, nyingine akazivusha mkono wa kushoto, na zisizokaa vizuri alizikaza kwa karatasi. Ile fujo yote ilikuwa kazi yake. Nilikuwa nimeirudisha konsetina kwa mtu mwenye vidole kumi.

"Zilikaa namna gani, papa? Unakumbuka?"

"Mimi nilikuwa natia, mama yako njo alikuwa anasikia. Akisema ndiyo, ninaacha." Akanirudishia. "Mwaka muzima tulifanyaka ile."

Njia nzima ya kurudi yaya hakunilaumu, na hiyo ilinikera kuliko lawama. Tonton yeye alinipa yangu papo hapo: "Kwa nini haukupiga foto?" Nilitoka kibandani kwake bila kuaga, nikarudi baada ya saa moja kwa sababu bisibisi yangu ilibaki pale.

Tulianza kuutafuta ule mpangilio tukiwa hatuna cha kushika isipokuwa vidole vya baba. Yaya ndiye aliyepata njia. Alikaa mbele yake Jumapili baada ya misa, akamwomba apige wimbo mezani, bila konsetina, na vidole vikaenda vyenyewe, vyote vinane, mikono ikiachana na kukaribiana kama inashika mvukuto, bila kusita hata kidogo. Vilijua. Yaya aliandika kidole gani, kifungo gani, kusukuma au kuvuta. Kisha alimwomba auimbe kwa mdomo uliofungwa, ili tujue kila kidole kinadai sauti gani. Hapo ndipo tulipokwama. Mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe hupotea njia akiimba, na baba alianza mahali pamoja akaishia pengine. Wiki moja wimbo ulipanda katikati, wiki iliyofuata ulishuka. Yaya alimwimbia yeye vipande vifupi, akimsogelea sikio la kushoto mpaka mashavu yakagusana, na baba alitikisa kichwa: hapana, hapana, ndiyo.

Kila ndiyo moja ilikuwa na gharama yake. Nirudi Kabondo, nitoe skrubu sita za upande mmoja na sita za mwingine, nihamishe ulimi, nikate karatasi, nikaze, nifunge, ningoje Jumapili. Mara nyingi ndiyo ya wiki hii ilikanushwa na ya wiki iliyofuata. Ulimi mmoja niliokuwa nimeukwaruza sana kwa ajili ya kipimo changu cha simu ulikatika mkononi mwangu, na nilitukana kwa Kilingala, mimi ninayewatoa wanafunzi darasani kwa neno dogo kuliko hilo. Tonton aliacha konsetina yake mwenyewe akanikatia mwingine kwa springi yake nzuri ya mwisho. Alipomaliza kuusugua aliupuliza kwa mdomo, ukalia. "Huyu nilikuwa namuchungia yangu," akasema, akanipa.

Nilikuwa nikikimbizana na sikio na nilijua nashindwa. Ndiyo za baba zilipungua. Alianza kumwangalia yaya midomo badala ya kumsikiliza. Jumapili moja yaya alimwimbia sikioni kipande kirefu, na baba akamngoja, kwa adabu, aanze.

Tulimaliza wiki tatu baadaye, kwa kubahatisha sehemu za mwisho, yaya akitumia masikio yake badala ya yale ya baba. Safari hii tonton naye alifunga kibanda akaja. Baba alikuwa uani, kikapu cha mtego magotini. Nilimwekea konsetina mikononi nikarudi nyuma. Sikuwa na sababu tena ya kusimama upande wowote.

Akapiga.

Nilikuwa sijausikia tangu nikiwa msichana, na niliujua tangu mvuto wa kwanza. Hakuna ulimi uliokosea. Hata ule wa springi ya saa, wenye ukali kidogo, uliingia mahali pake. Vidole vitatu vya kulia vilikuwa vikifanya kazi ya vitano, na mkono wa kushoto ulikuwa ukipiga na sauti za mwenzake. Jirani aliyekuwa akitwanga pondu, majani ya muhogo, aliacha mchi. Mwanamke mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa rafiki ya mama, alikuja mpaka katikati ya ua, akakaa chini kwenye mchanga akilia bila kujificha. Yaya alinishika bega. Nililia na mimi, na katika kulia kwangu kulikuwa na hasira nyingi, kwa sababu watu wote wa ua ule walikuwa wakimsikia mama yangu akiposwa, isipokuwa aliyemposa.

Baba aliupiga mpaka mwisho. Akaufunga mvukuto, akautazama, akautikisa kidogo karibu na shavu la kushoto. Halafu akaninyooshea.

"Bado, mama," akasema. "Haiko nasema."

Nilimwonyesha mwanamke aliyekaa mchangani. Alimwangalia, akanijibu kwamba yule amekuwa mtu wa kulialia tangu mumewe afe. Nikapiga kelele sikioni mwake mpaka koo likaniuma. Alinyanyua mkono kunituliza, akaniambia kwa upole kwamba nami siku hizi nasema chini chini. Nikashindwa. Nikachomoa karatasi katika daftari la yaya nikaandika kwa herufi kubwa: PAPA, IKO NASEMA. WATU WOTE WANASIKIA. NI MASIKIO.

Aliisogeza mbali, akaisoma, midomo ikifuata neno kwa neno. Aliisoma mara ya pili. Kisha akaikunja, akaikata kwa kucha kwenye mkunjo, akaikata tena, mpaka ikawa vipande vyembamba virefu, vyote upana mmoja, kazi safi ya mtu aliyeifanya mara nyingi. Alivikusanya akaniwekea kiganjani na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Weka hii chini ya ndimi," akasema. "Zangu ulitosha."

Niliviweka. Jumamosi ile kibandani nilifungua skrubu zote kumi na mbili, nikatoa karatasi zangu chini ya ndimi nilizohamisha, nikatia za baba. Ziliingia zote bila kupunguza hata moja. Jumapili nikampelekea, akaupiga wimbo mzima ili aone kama nimetengeneza, na ua wote ukanyamaza. Alipomaliza alinirudishia.

"Bado kidogo, mama," akasema. "Lakini iko inakuja."

Tangu hapo sijaifungua tena. Wiki nzima inakaa juu ya kabati langu, na Jumapili naifunga kwenye kitenge, naita toleka, nampelekea aijaribu.